Mabon: jinsi Wapagani wa leo wanavyoupokea msimu wa majani kupukutika

Kila mwaka, Septemba inapokaribia ukingoni, watu waliovaa kanzu nyeupe hupanda kilima cha Primrose Hill huko London, mchana kweupe, wakasimama kwa duara na kufanya ibada yao mbele ya macho ya wapita njia. Hao ni Wadruidi, watu wanaofuata leo njia inayochukua jina la makuhani wa kale wa Wakelti. Siku hizohizo nchini Ayalandi, wengine huamka usiku wa manane ili kulipopambazuka wawe juu ya vilima vya Loughcrew, katika jimbo la Meath, ambako miali ya kwanza ya jua huingia ndani ya kaburi la mawe lililojengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita na kuangaza michoro iliyochongwa kwenye jiwe la nyuma. Na Marekani, nyumba moja baada ya nyingine, kuna mtu anayetandika kitambaa cha rangi ya kahawia juu ya meza ndogo, akaweka matufaha, mkate, masuke ya ngano na mishumaa miwili, mmoja mweusi na mmoja mweupe.

Waulize wanafanya nini, wengi watakutajia jina moja: Mabon, sikukuu yao ya Septemba. Lakini ukitafuta maana yake utakutana na majibu yanayogombana. Kuna atakayekuapia kwamba hii ni sikukuu ya Wakelti, watu wa kale wa Ulaya ya magharibi, iliyodumu tangu zama za giza. Kuna atakayesema ni ibada ya shetani. Na kuna atakayekudharaulia jambo zima kwamba limebuniwa juzi tu na watu waliokosa kazi. Wote watatu wamekosea, na hukosea kwa sababu hawatenganishi mambo matatu yaliyofungwa katika fundo moja: mwendo wa jua, desturi za wavunaji wa Ulaya, na dini changa iliyozaliwa Uingereza katikati ya karne ya 20. Kila moja lina umri wake. Ukiyafungua hayo, mengine yote hueleweka.

Tuanze na jua, maana hilo halina mgogoro. Dunia imeinama kidogo katika mzunguko wake, kwa hiyo kwa nusu ya mwaka upande wa kaskazini huelekea jua na kwa nusu nyingine huliacha. Mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, jua huwa wima juu ya ikweta, na mchana na usiku hukaribia kulingana duniani kote. Siku hiyo huitwa sikusare. Ile ya Septemba huangukia kwa kawaida tarehe 22 au 23. Kwa hakika si siku nzima ila ni nukta moja ya wakati, ndiyo maana tarehe hutofautiana kati ya nchi na nchi: mwaka 2026 nukta hiyo inaangukia saa tisa na dakika tano usiku wa kuamkia Jumatano, Septemba 23, kwa saa za Afrika Mashariki, ilhali New York itakuwa bado Jumanne, saa mbili na dakika tano za usiku.

Kwetu sisi tunaoishi karibu na ikweta, habari hii hupita bila kugusa ngozi. Nairobi, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haizidi dakika kumi hivi. Siku ya sikusare jua la adhuhuri husimama utosini mwa mtu aliye Nanyuki, na kesho yake maisha yanaendelea kama jana. London mambo ni mengine kabisa. Mwezi Juni mchana hufikia saa 16 na nusu. Desemba haufiki saa nane. Na kasi ya mabadiliko huwa kubwa kuliko wakati wowote hapo katikati, kwenye sikusare, ambapo mchana hupungua kwa takriban dakika nne kila siku. Yaani kwa wiki moja tu mtu amepoteza karibu nusu saa ya mwanga. Ndugu zetu walioko Ulaya na Kanada wanaijua hali hii: unatoka kazini kuna jua, na baada ya wiki chache unatoka kazini kuna giza. Kabla ya umeme, na kabla ya maduka yenye chakula mwaka mzima, kupungua huko kulikuwa onyo. Kilicho ghalani mwisho wa Septemba ndicho kitakacholisha watu hadi machipuo. Asiyelihisi hilo hawezi kuielewa sikukuu yenyewe, hata akizijua tarehe zote.

Sasa, hao Wapagani wa leo ni akina nani? Hawana kitabu kimoja, hawana nabii, wala hawana makao makuu. Ni mkusanyiko wa njia kadhaa: Wicca, Wadruidi, wafuasi wa miungu ya Wanordi, wafuasi wa miungu ya Kigiriki, na wengi sana wanaofuata njia yao wenyewe nyumbani. Kinachowaunganisha ni kuiona dunia na majira yake kuwa vitu vitakatifu, na kuheshimu miungu zaidi ya mmoja, wa kike na wa kiume. Katika sensa ya mwaka 2021 ya Uingereza na Wales, watu wapatao 74,000 walijiandikisha kuwa Wapagani, na wengine kama 13,000 wakajiandika Wicca. Shetani hayumo katika imani yao. Yeye ni wa dini nyingine, nao hawamwabudu wala hawamtambui. Ni kweli kwamba watu wa Wicca hujiita wachawi, na jambo hilo linaweza kumshtua msomaji wa kwetu, ambako tuhuma ya uchawi imewagharimu wazee wengi maisha yao. Lakini kanuni kuu ya Wicca ni kwamba mtu afanye apendalo mradi asimdhuru yeyote. Uovu wa kuloga watu ndio hasa kanuni hiyo inaoukataza.

Mzizi wa kalenda yao uko kwa mtu mmoja, Gerald Gardner. Alikuwa Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1884, akaishi miaka mingi Ceylon, Borneo na Malaya kwenye mashamba ya chai na mpira, kisha akawa ofisa wa forodha. Alipostaafu akarudi Uingereza, na baadaye akadai kwamba mwaka 1939 aliingizwa katika kundi la siri kwenye eneo la New Forest lililohifadhi dini ya kale ya wachawi. Dhana ya kuwapo dini hiyo haikuwa yake peke yake. Msomi Margaret Murray alikuwa ameitangaza tangu mwaka 1921, na wanahistoria wameikataa. Gardner alisubiri. Sheria ya uchawi ya mwaka 1735 ilipofutwa mwaka 1951, alijitokeza hadharani, akaandika vitabu, akakusanya wafuasi. Kundi lake la Bricket Wood, nje ya London, lilikuwa likiadhimisha hasa sikukuu nne kubwa zenye asili ya Ayalandi na Uskoti: Samhain, Imbolc, Beltane na Lughnasadh. Siku nne za jua, yaani sikusare mbili na siku za mchana mrefu na mfupi kuliko zote, zilikuwa ndogo, na hazikupewa siku zake zenyewe. Mwaka 1958 washiriki wa kundi hilo waliomba zipewe hadhi sawa, Gardner akakubali. Rafiki yake Ross Nichols, aliyekuja kuanzisha mwaka 1964 jumuiya ya Wadruidi ambayo leo ni miongoni mwa kubwa duniani, naye aliutetea mpango wa siku nane. Hivyo ndivyo ulivyopatikana mzunguko unaoitwa Gurudumu la Mwaka, wenye sikukuu kila baada ya wiki sita au saba.

Ronald Hutton, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Bristol, ameonyesha kwa ushahidi mwingi kwamba hakuna watu wa kale wanaojulikana kuwa waliadhimisha sikukuu hizo nane kwa pamoja. Vipande vyake vingi ni vya zamani, lakini gurudumu zima ni la karne ya 20. Na inafaa kujua kwamba Hutton hakusema hivyo ili kuwabeza. Ndiye huyohuyo aliyesema kwamba Wicca ndiyo dini pekee ambayo Uingereza imeipatia dunia.

Basi sikukuu ya Septemba ikapata siku, lakini haikuwa na jina la kupendeza. Jina likatoka California. Mwaka 1974 Aidan Kelly, mmoja wa waasisi wa kundi la Kipagani huko, alikuwa akitayarisha kalenda, na akaona dosari: zile sikukuu nne za Kikelti zina majina ya mvuto, na hizi nyingine zinaitwa kwa lugha ya wanajimu. Kwa siku za Machi na Juni alichukua majina ya Ostara na Litha, yanayotokana na lugha za kale za Kijerumani na Kiingereza. Kwa Septemba hakupata. Alichokuwa akitafuta ni kisa kinachofanana na kile cha Wagiriki cha Persefone, binti aliyechukuliwa kwenda kuzimu na mama yake akaiacha dunia ikauke kwa huzuni. Akakiona kisa cha kijana Mabon katika hadithi za kale za Wales. Kalenda ikachapishwa, jarida la Kipagani la Green Egg likayaeneza majina hayo, na katika muda wa kizazi kimoja Mabon likawa jina la kila mahali.

Kisa chenyewe ni kizuri mno kukipitia haraka. Kimo katika hadithi ya Culhwch na Olwen, moja ya hadithi zinazojulikana kwa pamoja kama Mabinogion. Culhwch anataka kumwoa binti wa jitu Ysbaddaden, na jitu linamtwisha masharti yasiyowezekana. Mojawapo ni kuwinda nguruwe mwitu wa kutisha, na hakuna awezaye kumwongoza mbwa anayehitajika katika mawindo hayo ila Mabon mwana wa Modron. Lakini Mabon aliibwa ubavuni mwa mama yake akiwa na umri wa siku tatu, na hakuna ajuaye aliko, wala kama yu hai.

Watu wa mfalme Arthur wanakwenda kuwauliza wanyama wa kale kabisa duniani. Ndege mweusi wa Cilgwri anawaambia: nilipofika hapa palikuwa na fuawe la mhunzi; nimelidonoa kila jioni hadi limebaki kama kokwa, na kwa muda wote huo sijapata kumsikia. Anawapeleka kwa kulungu aliyeuona mwaloni ukichipua, ukakua hadi matawi mia, ukaanguka ukabaki kisiki. Kulungu anawapeleka kwa bundi, aliyeshuhudia bonde lake likifyekwa misitu na kuota upya. Bundi anawapeleka kwa tai, ambaye jiwe lake lilikuwa refu hata akazidonoa nyota kutoka kileleni, na sasa halifiki shubiri. Wote hawajui. Tai ndiye anayemkumbuka samoni wa Llyn Llyw, mkubwa kuliko wote, na samoni anasema kwamba kila maji yanapojaa yeye hupanda mto hadi kwenye kuta za Caer Loyw, yaani Gloucester, na hapo husikia kilio ambacho hajapata kusikia mfano wake. Anawabeba mashujaa mabegani. Wanasikia mtu akilia nyuma ya ukuta. Ni Mabon. Arthur anaishambulia ngome, na Cei anabomoa ukuta na kumtoa mfungwa mgongoni.

Nimeeleza yote hayo ili msomaji ajionee: hakuna mavuno humo, hakuna Septemba, hakuna sikusare. Kweli, Mabon huyu ni mwangwi wa mungu Maponos, ambaye jina lake limechongwa kwenye mawe ya enzi za Warumi karibu na ukuta wa Hadrian, kaskazini mwa Uingereza. Lakini hakuna chochote kinachomfunga na majira haya. Kelly aliyaunganisha kwa hiari yake, kwa sababu aliona kufanana: kijana aliyefichwa gizani, mama aliyempoteza, na tumaini la kumpata. Kwa mtazamo wangu ni uunganisho wa mshairi, na wenye akili. Kosa si lake, ni la waliokuja baadaye wakaandika kwamba Wakelti wa kale walisherehekea Mabon. Kuna Wapagani wengi, hasa walio karibu na lugha na fasihi ya Wales, wasiolitumia jina hilo kabisa. Husema tu sikusare, au Sikukuu ya Mavuno. Wadruidi huiita Alban Elfed. Jina hilo nalo si la kale sana: linatokana na maandishi ya Iolo Morganwg, mshairi wa Wales aliyefanya ibada yake ya kwanza ya Kidruidi kwenye kilima kilekile cha Primrose Hill mwaka 1792, na ambaye baada ya kufa ilibainika kwamba alighushi mengi ya aliyoyadai kuwa urithi wa mababu.

Je, basi hakuna cha kale hata kidogo? Kipo, na kiko mashambani. Mtawa Beda, akiandika mwaka 725, alisema Waingereza wa zamani, kabla ya Ukristo, waliuita Septemba mwezi wa ibada takatifu. Hakufafanua ibada zenyewe, lakini mwezi wa mavuno kuwa mwezi wa ibada si jambo la kushangaza. Kisha kuna desturi za mganda wa mwisho. Sehemu nyingi za Ulaya, wavunaji waliuogopa na kuuheshimu mganda wa mwisho wa shamba. Waliusuka ukawa mwanasesere wa mabua, wakamvisha, wakamketisha kwenye karamu na kumtunza hadi msimu uliofuata. Huko Cornwall, mvunaji mzee huuinua juu na kupaza sauti: “Ninao!” Wenzake wanajibu: “Una nini?” Naye: “Shingo!” Hurudiwa mara tatu, halafu hushangiliwa. Desturi hiyo ilikuwa imefifia, na tangu miaka ya 1920 vyama vya urithi vya Cornwall vimeifufua.

Jambo linalosahaulika ni kwamba kanisa nalo lilifanya kazi ya namna hiyohiyo. Ibada ya Shukrani ya Mavuno inayopendwa mno katika makanisa ya Kianglikana, ile ya kupamba kanisa kwa mboga na mikate, katika sura yake ya sasa ilianzishwa na kasisi Robert Hawker huko Morwenstow, Cornwall, mwaka 1843. Hakuna anayesema kwamba ibada hiyo ni ya uongo kwa kuwa haijatimiza hata karne mbili. Aliichukua furaha iliyokuwapo mashambani akaipa umbo jipya. Gardner, Nichols na Kelly walifanya hivyohivyo kwa ajili ya imani nyingine, na sioni kwa nini wao wapimwe kwa mizani tofauti.

Tukirudi kwenye ibada yenyewe, mbele ya wafuasi wa Wicca haya ndiyo mavuno ya pili kati ya matatu. La kwanza ni la nafaka, mwanzoni mwa Agosti. Hili ni la matunda na zabibu. La tatu, mwisho wa Oktoba, lilikuwa wakati wa kuchinja mifugo isiyoweza kulishwa majira ya baridi. Katika masimulizi yao, mungu wa kiume, aliye ndani ya nafaka, amekatwa pamoja nayo na sasa anashuka kuzimu, na mungu wa kike anamwomboleza huku akiwa na mimba yake. Kikundi huchora duara, mara nyingi kwa kuzunguka upande ule jua linakozunguka. Huita pande nne: mashariki kwa hewa, kusini kwa moto, magharibi kwa maji, kaskazini kwa ardhi. Kila mmoja hutaja alichovuna mwaka huo, iwe ni mtoto aliyezaliwa, deni lililolipwa au ugonjwa uliopona, na pia anachokiacha kiende. Tufaha hukatwa kwa upana badala ya kwa urefu, na ndani yake huonekana nyota yenye ncha tano. Kisha mkate na pombe ya matufaha, ya asali au divai hubarikiwa na kupitishwa. Sehemu ya kwanza humwagwa chini, tambiko kwa ardhi. Makundi yanayofuata njia ya Gardner hufanya haya faraghani. Wadruidi hupendelea kufanya hadharani, na msisitizo wao uko kwenye mizani ya nuru na giza. Anayefuata njia yake peke yake pengine atatembea msituni, ataokota majani, atapika supu ya maboga na kuwasha ile mishumaa miwili. Hakuna wa kumwambia amekosea.

Wengine hawaishiriki kabisa. Wafuasi wa miungu ya Wanordi huko Aisilandi, ambao jumuiya yao ya Ásatrúarfélagið iliundwa mwaka 1972 na kutambuliwa na serikali mwaka uliofuata, hawana haja na Septemba. Wao hufanya dhabihu yao ya karamu kwenye Siku za Kuingia Baridi, mwishoni mwa Oktoba, kwa kufuata kalenda ya kale ya kisiwa hicho. Na walio Australia, New Zealand na Afrika Kusini huigeuza kalenda juu chini: Mabon yao ni Machi, kwa kuwa ndipo majani ya kwao yanapoanguka, na Septemba husherehekea machipuo. Baadhi yao hata duara hulizungusha kinyume na kuuweka moto kaskazini, ambako ndiko liliko jua lao la adhuhuri.

Pingamizi moja linalostahili kujibiwa ni hili: Wapagani wengi wa leo ni watu wa mjini, makarani na walimu na mafundi wa kompyuta, wasioshika mundu maishani mwao. Wanashukuru mavuno gani? Jibu walilolitoa Marekani linaonekana kwa macho. Tangu mwaka 1998, vikundi vya huko vimekuwa vikifanya Siku ya Fahari ya Wapagani katika bustani na viwanja vya umma, karibu na wakati wa sikusare. Kuna ibada ambayo mpita njia yeyote anaweza kuitazama au kujiunga nayo, kuna mihadhara ya kueleza imani yao, na anayefika huombwa aje na chakula kisichooza: makopo, tambi, unga, maharage. Vyakula hivyo hukusanywa na kupelekwa kwa mashirika yanayowalisha wasio na kitu katika mji huo, kabla baridi haijaanza.